Safari ya meli peke yako, kwa mtu anayetaka kuachwa atulie

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 52 na naishi Leicester. Kazini ni watu kutwa, nyumbani ni simu. Nataka kupanda meli ya kitalii peke yangu kwa wiki moja au mbili, nisome, nitazame bahari, na nisizungumze na mtu nisipopenda. Kila nikiangalia bei naambiwa nilipe kama watu wawili. Mwenzangu aliyewahi kwenda anasema alikalishwa meza moja na wageni saba kila usiku. Watoto wangu wanaona ni hatari, na dada yangu ananiuliza kama nina huzuni. Naswali, na pasipoti yangu ni ya Kenya. Nianzie wapi?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Nianze na dada yako, kwa sababu nadhani neno lake ndilo linalokuzuia kuliko bei. Kwetu mtu akila peke yake huonewa huruma, na akikaa kimya huulizwa nani kamuudhi. Melini mambo si hivyo. Wasafiri wa peke yao sasa ni wengi kiasi kwamba kampuni zinawajengea vyumba vyao. Meli ya Norwegian Epic ilipoanza kazi mwaka 2010 ilikuwa na vyumba 128 vya mtu mmoja, na tangu hapo kampuni nyingine nyingi zimefuata. Hakuna atakayekutazama kwa mshangao. Na muuguzi anayetaka wiki mbili bila kuitwa jina lake hana ugonjwa wowote. Amechoka, na anajua dawa yake.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za meli, na wateja wa aina yako ndio ninaopenda zaidi kuwahudumia, kwa kuwa wanajua wanachotaka. Shida ni kwamba utulivu wanaoutafuta hautajwi kwenye tangazo lolote. Matangazo yanauza maigizo, mabwawa na chakula. Utulivu unaupata kwa kuchagua njia inayopitiwa na meli na chumba utakacholala, na yote mawili yanaamuliwa kabla hujalipa. Ukiyakosea hayo, hata meli ya kifahari itakuchosha.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba meli ndogo ndiyo tulivu. Mtu anasikia abiria 100 anafurahi. Lakini meli ya abiria 100 ni kama mtaa wa Mji wa Kale: siku ya tatu kila mtu anajua umetoka wapi, una watoto wangapi, na kwa nini jana hukushuka. Chakula huliwa kwa pamoja, mihadhara husikilizwa kwa pamoja, na ukikosekana mezani watu wanauliza. Wapo wanaopenda hivyo. Wewe hutapenda. Upande wa pili ziko meli kama Icon of the Seas, yenye nafasi ya abiria 5,610 kwa hesabu ya wawili kila chumba. Humo hakuna atakayekukumbuka, lakini kelele za muziki na watoto zinakufuata mpaka kwenye lifti. Kwako nashauri meli ya kati, yenye abiria kati ya 1,000 na 3,000. Watu wanatosha kukufanya usijulikane, na meli ina pembe za kutosha za kujificha.

Halafu hesabu siku za baharini, yaani siku ambazo meli haiingii bandari yoyote. Safari ya wiki moja ya Mediterania inaweza kuwa na bandari tano au sita, na kila asubuhi ni tangazo la kipaza sauti, foleni ya kushuka na mabasi. Mtu anayetaka kusoma na kutazama maji anahitaji siku za baharini nyingi mfululizo. Zipo njia tatu ambazo ningekupeleka.

Ya kwanza ni Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York. Ni usiku saba bila bandari hata moja katikati. Meli hii ilianza kazi mwaka 2004, ina urefu wa mita 345, inachukua takriban abiria 2,700, na ilipokarabatiwa mwaka 2016 iliongezewa vyumba 15 vya mtu mmoja vyenye madirisha makubwa. Ina maktaba kubwa upande wa omo, yaani mbele ya meli, kwenye sitaha ya 8, na sitaha ya 7 imezunguka meli nzima, ukizunguka mara tatu umetembea karibu kilomita 1.8. Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wa zamu za usiku hulipenda sana: ukielekea magharibi saa hurudishwa nyuma, kwa hiyo siku tano kati ya hizo zina saa 25. Unalala saa moja zaidi na hakuna anayekudai. Kikwazo ni viza ya Marekani. Kama unayo, usitafute zaidi. Kama huna, foleni ya usaili inaweza kuwa ndefu, na sipendi mtu alipie meli kabla viza haijatoka.

Ya pili ni meli za pwani ya Norway, Hurtigruten, zinazokwenda Bergen hadi Kirkenes na kurudi. Njia hii ilianzishwa na nahodha Richard With mwaka 1893 kupeleka barua na mizigo kwenye miji ya kaskazini, na mpaka leo inapakia mizigo na wenyeji wanaokwenda mji wa pili. Bandari ni 34, lakini usiogope idadi hiyo. Nyingi meli inasimama dakika chache tu, nyingine usiku wa manane, na hakuna anayekutarajia ushuke. Hakuna kamari, hakuna maigizo, hakuna mashindano ya kucheza dansi. Watu wanakaa kwenye ukumbi wenye vioo wakitazama milima, na kukaa kimya pale ni jambo la kawaida kabisa. Safari nzima ni usiku 11, au unaweza kupanda upande mmoja tu. Vyumba ni vidogo, na chakula cha usiku mara nyingi hupangiwa meza, kwa hiyo omba meza yako mapema. Usichukue chumba cha chini karibu na mlango wa mizigo, maana utasikia magari ya kupakia usiku kucha. Meli inapopita Stad na Hustadvika iko wazi kwa bahari kuu, na majira ya baridi inatikisika.

Ya tatu ni kwa mtu anayetaka jua: kutoka Southampton hadi Visiwa vya Canary na Madeira na kurudi, kwa kawaida wiki mbili hivi, na siku kadhaa za baharini mwanzoni na mwishoni. Hupandi ndege. Chagua meli isiyochukua watoto, kama Arcadia au Aurora za kampuni ya P&O. Kampuni ya Saga inapokea watu wa miaka 50 na kuendelea, nawe umeshafika. Meli zake mbili, Spirit of Discovery na Spirit of Adventure, zina roshani katika kila chumba na vyumba vingi vya mtu mmoja, na bei yake hujumuisha bima na gari la kukuchukua nyumbani. Ila nikuambie ukweli, abiria wa Saga ni wastaafu wapole wanaopenda mazungumzo. Utahitaji ujasiri wa kusema hapana kwa upole. Njiani mnapita Ghuba ya Biscay, ambayo wakati wa baridi huwa na mawimbi makubwa. Dawa ya kichefuchefu unaijua kuliko mimi: inywe kabla, usingoje mpaka umelala sakafuni.

Kuna aina nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Oktoba na Novemba meli nyingi huhama Ulaya kwenda Karibea, na Aprili na Mei hurudi. Safari hizo za kuvuka Atlantiki zina siku sita au saba mfululizo baharini, bei kwa siku huwa nafuu, na watoto ni wachache kwa kuwa shule zimefunguliwa. Baadhi huishia Barbados badala ya Marekani. Ziweke akilini kwa safari ya pili, ukishajua kama bahari ndefu inakupendeza.

Sasa bei. Bei unayoiona imeandikwa kwa mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Ukilala peke yako kampuni inakosa nauli ya kitanda cha pili na fedha ambazo mtu wa pili angetumia ndani, ndiyo maana inakutoza nyongeza, mara nyingine mpaka ikafikia nauli mbili kamili. Kodi za bandari na bakshishi ya kila siku lakini hutozwa kwa kichwa, kwa hiyo hata nauli ikiwa mara mbili, jumla yako bado iko chini ya ile ya watu wawili. Usitazame asilimia ya nyongeza, tazama jumla ya mwisho. Tuseme chumba cha wawili ni pauni 900 kwa mtu, na peke yako unaambiwa 1,700. Chumba cha mtu mmoja kwenye meli ileile ni 1,350. Kampuni nyingine inasema haitozi nyongeza kabisa, lakini bei yake ya kuanzia ni 1,600. Tangazo la tatu, pamoja na neno lake "bila nyongeza", bado ni ghali kuliko kile chumba cha mtu mmoja.

Vyumba vya mtu mmoja ni vichache na huisha mwanzo, kwa hiyo weka nafasi karibu mwaka mzima kabla. Ukichelewa, jaribu tena miezi mitatu hivi kabla ya safari, wakati wateja wanatakiwa kumalizia malipo. Wanaoshindwa huachia vyumba, na hapo nyongeza hupunguzwa. Januari hadi Machi pia kampuni hushindana kwa ofa.

Lakini usichague chumba cha mtu mmoja kwa sababu tu ni cha mtu mmoja. Vile vya Norwegian Epic ni kama mita za mraba 9, na dirisha linatazama korido. Vimejengwa kwa mtu anayetaka kulala humo na kushinda nje na wenzake, ndiyo maana vina ukumbi wao wa kukutania. Wewe chumba kwako ni nyumba. Utakunywa chai humo, utaswali humo, utasoma humo mchana. Kama fedha zinabana, ningekushauri uchukue usiku saba kwenye chumba chenye roshani kuliko usiku 14 kwenye chumba kisicho na dirisha, na uachane kabisa na ile kifurushi ya vinywaji ambayo kila wakala atakusukumia. Norway tu ndiko ningelegeza sharti hili, kwa kuwa pale ukumbi wa vioo unafanya kazi ya roshani.

Mahali chumba kilipo ni jambo la kukaa nalo na ramani ya meli mbele yako, hata kama linakula jioni nzima. Wazee wetu wa majahazi walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani nenda nyuma na mbele ya chombo, mwisho utarudi tumboni mwake, nami nachukua usemi huo kama ulivyo: katikati ya chombo na chini kidogo ndipo panapotikisika kidogo. Kisha tazama kilicho juu na chini ya chumba. Juu kukiwa na bwawa au bufee, utasikia viti vikiburutwa kabla ya alfajiri. Chini kukiwa na ukumbi wa muziki, ngoma zitapita sakafuni. Chumba bora kina vyumba vingine juu na chini yake. Epuka pia chumba chenye mlango wa ndani unaounganisha na cha jirani, maana sauti hupita kama hakuna ukuta. Na usikubali ile bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba. Kwa mtu mwingine ni ofa nzuri. Kwako ni kuuza kile kitu ulichokifuata.

Kuhusu meza ya mwenzako na wale wageni saba: hakulazimishwa, hakuuliza tu. Kampuni nyingi zina utaratibu wa namna mbili, saa maalumu na meza maalumu, au kuja muda utakao. Chagua wa pili, na siku ya kwanza mwone msimamizi wa ukumbi umwambie unapenda kula peke yako kila siku. Usione haya, anaambiwa hivyo kila wiki. Ila tahadhari moja: meza za wawili mara nyingi zimepangwa safu, kiganja kimoja kati ya meza na meza, na jirani atadhani umekuja kuzungumza. Omba ya kona au ya dirishani, na nenda kwa kuchelewa kidogo. Bufee mchana iende saa nane, si saa sita na nusu. Kifunguakinywa kiagize chumbani kwa kujaza karatasi na kuining'iniza mlangoni kabla ya kulala, au kwa programu ya simu katika meli mpya.

Watu wakikusalimu, wasalimu vizuri. Umekulia mahali ambapo huwezi kupita baraza bila salamu, na melini tabia hiyo inakulinda, kwa kuwa anayesalimia kwa uchangamfu na kuendelea na safari yake hafuatwi. Wanaofuatwa ni wale wanaoinamisha kichwa, kwa maana abiria wema hudhani wana dhiki. Ukialikwa, sema umekuja kupumzika na unashukuru. Hilo linatosha, huna haja ya kutunga udhuru. Mikutano ya wasafiri wa peke yao itatangazwa kila siku na si lazima uende hata mmoja.

Siku ya bandari ndiyo zawadi yako. Wengi wakishuka, meli inabaki tupu. Bwawa, sitaha, viti vyote vya kivulini ni vyako mpaka saa tisa alasiri hivi. Na ukitaka kushuka, huhitaji basi la kikundi katika miji kama Bergen, Tromsø au Funchal, ambako unatembea kwa miguu kutoka gatini hadi mjini. Ni tofauti na Civitavecchia, inayouzwa kama Roma ilhali Roma yenyewe iko karibu kilomita 80. Ukienda mwenyewe, rudi mapema, kwa sababu meli haimsubiri aliyetoka bila kikundi chake. Beba namba ya wakala wa bandari iliyoandikwa kwenye ratiba ya siku hiyo.

Jambo moja huwezi kulikwepa: zoezi la usalama siku ya kupanda. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba na kulala ubavu Januari 2012, sheria za kimataifa ziliimarishwa ili zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Jua kituo chako, na ujue kwamba milio saba mifupi na mmoja mrefu maana yake ni kwenda huko. Kwa anayesafiri peke yake hili lina uzito zaidi, kwa kuwa hakuna mwenza wa kukuamsha.

Kuhusu ibada, omba chakula halali wakati wa kulipia, si ukishapanda. Baadhi ya meli hukipata, nyingine hazikipati, na hapo samaki na mboga ndiyo njia salama. Waulize kwa maandishi. Kibla kitageuka kadiri meli inavyogeuka, hivyo dira ya simu itakufaa, na kama msafiri una ruhusa ya kupunguza sala. Norway ya kaskazini ina suala lake: kuanzia katikati ya Mei mpaka mwishoni mwa Julai kule Rasi ya Kaskazini jua halizami kabisa, na katikati ya majira ya baridi halichomozi. Muulize shehe wako kabla ya safari ni nyakati za mji gani ufuate, usije ukabaki na wasiwasi kila usiku. Ukichagua Septemba au Machi, mchana na usiku vinakaribia kulingana na tatizo linaondoka lenyewe.

Viza yako: kwa pasipoti ya Kenya utahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa Norway, na kwa Canary na Madeira pia, hata kama unalala melini kila usiku. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla mpaka siku 15 kabla. Usingoje siku 15. Kama njia inapita Kotor ya Montenegro au Kuşadası ya Uturuki kisha inarudi Ugiriki au Italia, umetoka Schengen na kuingia tena, kwa hiyo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Watu hukataliwa gatini kwa sababu hii, na nauli hairudi. Hakikisha pia eVisa yako ya Uingereza, yaani kibali chako cha ukaazi cha kidijitali, imeunganishwa na pasipoti unayosafiria, ili usisumbuliwe ukirudi.

Uliwahi kuwaza kupanda Mombasa? Meli za kitalii huingia Kilindini msimu wa kaskazi, lakini nyingi zinapita tu katika safari ndefu zilizoanzia mbali. Kwa safari ya kwanza, Southampton iko karibu nawe.

Simu iweke kwenye hali ya ndege kabla meli haijaacha gati. Baharini simu hushika mtandao wa meli wenyewe, ambao haumo kwenye kifurushi chako, na bili yake huumiza. Ukitaka kuwasiliana, lipia Wi-Fi ya meli au ngoja bandari. Bima iwe ya safari za meli, inayotaja matibabu melini na kubebwa kwa helikopta, kwa sababu daktari wa meli hutoza kama hospitali binafsi.

Na watoto wako. Hofu yao ina msingi mmoja wa kweli: ukiugua chumbani peke yako, mtu wa kwanza kujua ni mhudumu anayekusafishia. Basi mjulishe mhudumu siku ya kwanza ratiba yako ya kawaida, na usimtajie mgeni yeyote namba ya chumba. Mwachie mtoto mmoja, si wote, karatasi yenye jina la meli, namba ya chumba, bandari na tarehe zake, namba ya bima na simu ya kampuni. Mwahidi ujumbe mfupi kila mnapoingia bandari. Usimwahidi simu ya kila usiku, kwa sababu siku mtandao ukikatika katikati ya bahari ataanza kupiga simu kwa nahodha, nawe utatumia likizo yako kumtuliza.